Nguzo ya Umuvumu

Makere, Jumatano, mwezi wa kumi

Bado nina hasira na baba.

Kule kwetu kilimani, kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa nanawa uso kwenye kaburi la bibi, mama yake baba, ili maji yadondokee mche wa umuvumu, mti wa jamii ya mkuyu, nilioupanda pale. Sikutaka maji yapotee bure. Mche ukakua, ukanipita urefu.

Tulipoamriwa kuhamia kijiji kipya huku barabarani, baba aliukata, akaufanya nguzo ya nyumba. Nililia. Akaniuliza, "Mwanangu, ulitaka tulale nje?" Swali hilo linaniuma mpaka leo.

Leo nikifagia nimeona jani. Nguzo imechipua na kutoboa udongo wa ukuta, karibu kabisa na kitanda changu! Nikamwita mama. Akaguna tu: "Baba yako atalikata. Likiachwa, ukuta utapasuka."

Jioni baba kaja na panga. Nikasimama mlangoni, nimejiandaa kugombana naye, potelea mbali hata akinichapa. Lakini akabaki analitazama lile jani.

"Siku hizi hata kaburi la bibi yako hakuna wa kulifagia," akasema.

Kisha akaniomba maji. Nilidhani ana kiu, nikamletea kwenye kata. Akaweka panga chini, akainama pale kwenye nguzo, akaanza kunawa uso. Maji yalikwisha kwenye kata, naye bado amejifunika uso kwa mikono.