Kuku wa Mama Nekesa

Alhamisi, mwezi wa saba, 1978

Bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Jana huko mtaa wa Kongo, Kawangware, nilimwambia Mama Nekesa kwamba leo nitamrudia yule kuku wake anayekoroma. Watoto wake wana homa ileile ambayo sisi wa maabara tunaifuatilia tangu Kibera, na nilitaka kujua kama kuku naye anayo. Nimeshachukua ute wa makoo ya watu, maji ya mtaro, hata makamasi ya nguruwe wa jirani. Alibaki kuku tu.

Leo nimefika na chupa zangu za sampuli, nikakuta sufuria mezani.

“Daktari, keti kwanza. Si ulisema ni hiyo kuku unataka?”

Akaniwekea firigisi, heshima ya mgeni wa kiume kwao Bungoma. Ningeikataaje? Nikala.

Nyama iliiva, haina neno. Lakini mikono iliyomnyonyoa ndiyo inayombeba mtoto mchanga, na manyoya nimeona Nekesa akiyachezea mlangoni. Ningemwambia jana kwamba kuku ni mgonjwa... Nilimwambia tu nitarudi.

Tangu jioni koo linaniwasha. Nimejiambia ni pilipili.

Mama Nekesa hapiki na pilipili.