Nakwenda Usaili kwa Nafasi Yako

Lukelo, mla mbwa wewe,

Nimeanza na tusi ili ujue ni mimi. Tangu siku ya kwanza chuoni, uliposikia ukoo wangu ni Komba ukapayuka mbele ya mkufunzi, "Jamani ficheni panya, Mngoni kaingia," hatujawahi kuitana kwa adabu. Wewe Mhehe, mimi Mngoni, babu zetu walichapana, na sisi tukarithi utani wa matusi. Sioni sababu ya kuanza ustaarabu leo.

Nina shida, Lukelo. Nina shida, na mtu ambaye ningempigia simu ni wewe.

Wameniita. Ile kampuni ya ndege tuliyoiomba kazi pamoja, mimi nikiwa Rujewa, wewe Iringa, tunaambiana kwenye simu, "Tuma wewe kwanza," "Aa, tuma wewe." Wanataka rubani msaidizi. Usaili ni Jumatatu, Dar es Salaam. Nakuandikia Jumamosi mchana nikiwa Uyole, kwa mama mdogo, kwa kuwa mabasi ya Dar yanaanzia huku Mbeya, na kesho alfajiri napanda basi. Basi lenyewe litapita Ipogolo, pale ulipofia. Hakuna njia nyingine, nimeshaangalia.

Kama habari ingekuwa ni hiyo tu ya kuitwa, ningepiga vigelegele mpaka ng'ombe wa Usangu wakimbie. Lakini dada aliyenipigia alisema hivi, kwa sauti ya upole kabisa: "Kuna mmoja kati ya tuliowachagua hatunaye tena, kwa hiyo tumekuja kwako." Hatunaye tena. Nilikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, pumba zimenijaa kichwani, mama anapima mchele wa mteja. Sikuuliza ni nani. Nikasema ahsante sana dada, nikakata simu, nikaenda kukaa nyuma ya mashine.

Walikuchagua wewe. Mimi waliniacha. Mgala muue na haki yake mpe, ulikuwa bora kuliko mimi. Mimi nilijua vitabu, wewe ulijua ndege. Mimi upepo wa ubavuni ukinipiga wakati wa kutua natoka jasho mpaka kwenye vidole vya miguu. Wewe ulikuwa unatua huku unaimba kwaya ya kanisa lenu, tena vibaya. Mkufunzi alikuwa anakugombeza kwa kuimba tu, kwa kuwa kwenye kutua hakukuwa na cha kugombezea.

Wanasema kufa kufaana. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, watu wanaisema mtu akinunua kabati la marehemu kwa bei nafuu, na wanacheka. Mimi sasa siwezi hata kuitamka mbele ya mama. Nimefaidika na lori lililoshindwa breki kwenye mteremko. Wewe ulikuwa unashuka na pikipiki kwenda kuchukua abiria stendi, rubani mwenye leseni, anaitwa Kapteni na kina mama wa sokoni kwa sababu kabla ya kuondoka alikuwa anawatangazia hali ya hewa. Ulisema bodaboda ni kwa muda tu, mpaka watuite. Wameita, Lukelo. Wameita ukiwa umeshafukiwa.

Sasa niambie najiandaaje.

Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya. Nimebandika ile picha ya chumba cha rubani kwenye ukuta wa stoo, nakaa juu ya gunia, nanyoosha mikono hewani nabonyeza vitufe vya karatasi. Wabeba magunia walishazoea kunichungulia, wananiuliza leo tumefika wapi. Zamani simu ilikuwa juu ya gunia la pili, na sauti yako inatoka humo pamoja na honi za Ipogolo. Mimi nasoma kinachotakiwa kukaguliwa, wewe unajibu. Wewe unaniambia injini ya kushoto imezima, mimi nasema nafanya nini. Ndege kubwa ni ya watu wawili, tuliambiwa hivyo mpaka masikio yakachoka. Mmoja anaendesha, mwenzake anamsimamia, na neno la huyu halikamiliki bila la yule.

Wiki hii nimekaa kwenye lile gunia kila siku. Nasoma, halafu nasubiri. Juzi nilisubiri kweli, kama mjinga, mkono uko hewani, mpaka mama akaingia akidhani nimepatwa na kitu. Aliniuliza, "Sabina, unamsikiliza nani?"

Maswali ya injini nayaweza. Ya hali ya hewa nayaweza, hata lile la mawingu ya radi ulilokuwa unanibana nalo. Nikilala nayaota, nikiamka yapo. Linalonimaliza ni lile swali jepesi ambalo wote huulizwa, tulilokuwa tunalichekea: "Kwa nini tukuchague wewe na si mwingine?" Nimelijaribu kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Nikifika kwenye "kwa sababu" nakwama. Kwa sababu gani? Kwa sababu yule mwingine yuko chini ya udongo wa kwao Kihesa, Iringa? Naona nikitokwa machozi mbele ya watu wenye suti, na nani atampa ndege yenye abiria mtu anayelia akiulizwa jina lake?

Na nafasi hii ndiyo ya mwisho kwangu. Mwaka wa tatu sasa sijashika ndege, unajua wanavyowatazama watu wa aina yangu. Mama juzi alisema taratibu, huku anafunga gunia, "Mwanangu, ukikosa hii, ukubali." Kukubali nini hakusema.

Kuna jambo jingine, nalo nikueleze kwa kuwa hukuliona, ulikuwa kwenye sanduku. Siku ya mazishi yako nilifanya kituko. Mngoni nilikuwa mimi peke yangu. Wazee wa kwenu walikuwa wananitazama mimi, wanasubiri nilale njiani nizuie jeneza lisipite mpaka nipewe kuku, nivae viatu vyako, nikutukane, nikuigize, watu wacheke kidogo kabla ya udongo. Ndiyo kazi ya mtani, na nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na matusi mazuri sana. Lakini jeneza lilipotoka nyumbani nikakaa chini nikalia. Nililia kuliko shangazi zako. Baba yako mkubwa alikuja akaniinamia, akasema, "We Mngoni, vipi tena? Mtani halii bwana. Ukilia wewe, atacheka nani?" Sikuweza kuinuka. Ukazikwa kimyakimya, kama mtu asiye na watani.

Basi Jumamosi iliyopita ilikuwa arobaini yako. Mama yako alinipigia mwenyewe: "Uje Iringa. Kuna kazi yako hapa hukuimaliza." Nikaenda. Kihesa kulikuwa kumejaa, pombe ya ulanzi inapita kwa vikombe vya plastiki, na wazee wako wameshachangamka. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu usaili. Mama yako akatoka ndani ameshika lile shati lako jeupe la urubani, lenye mistari mabegani, amelipiga pasi. Akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, Mngoni. Vaa."

Nikavaa. Mikono imenipita, unajua ulivyokuwa na mikono ya nyani. Nikatembea kama wewe, bega moja juu. Nikakohoa kama ulivyokuwa unakohoa kabla ya kusema Kiingereza. Nikasema, "Mabibi na mabwana, huyu ni Kapteni Lukelo, tunaondoka Kihesa kwenda mbinguni. Tafadhali fungeni mbwa wenu mikanda, nisije nikawamaliza kabla hatujafika." Walicheka, Lukelo. Bibi yako alicheka mpaka kikombe kikamwagika. Mama yako alishika tumbo. Na mimi, tangu ufe, ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yangu ikitoka bila kukwama, kwa sababu haikuwa yangu.

Ndipo baba yako mkubwa akajiweka sawa kwenye kiti, akajifanya bosi wa ndege. "Haya Kapteni, tueleze, kwa nini tukuchukue wewe tumwache yule Mngoni?"

Alikuwa anatania tu, asijue lolote. Nikajibu kwa sauti yako, "Kwa sababu yule Mngoni akiona panya kwenye njia ya kurukia, atasimamisha ndege ashuke." Watu chini kwa kicheko. Ningeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini mdomo ulikuwa umeshashika njia yako, ukaendelea wenyewe: "Na kwa sababu mimi ni bora kuliko yeye."

Hakuna aliyecheka. Walijua utani umekatika, ila hawakujua umekatikia wapi. Nikabaki nimesimama katikati ya uwanja na shati lako.

Mama yako alinishika mkono akanipeleka jikoni, kana kwamba kuna vyombo vya kuosha. Kulikuwa na moshi, hapakuwa na mtu. Nikamwambia yote: kwamba nimeitwa, kwamba nafasi ni yako, kwamba nafikiria kuwapigia niseme siendi. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Alikuwa anachochea moto tu. Halafu akasema, na nakuandikia kama alivyosema:

"Najua umeitwa. Simu yake walipiga nikapokea mimi. Nikamwambia yule binti, mwanangu nimeshamzika. Akanipa pole, maskini. Nikaona akikata simu basi, imepotea hivihivi. Nikamwambia, lakini yuko mwenzake, anaitwa Sabina Komba, na yeye aliomba hukohuko kwenu, hebu mtafute. Sasa wewe usiende kule ukatulilia kama ulivyolia msibani."

Nilipaswa kupumua, sivyo? Nafasi sikuiiba, nimepewa, tena na aliyekuzaa. Sikupumua. Nilizidi kubanwa. Ningekuwa nimeiba ningeirudisha, ningeomba radhi, ningerudi kwenye pumba zangu. Ya kupewa naipeleka wapi? Mwanamke ambaye udongo wa mwanawe ulikuwa haujakauka alishika simu akafikiria mimi. Nikimwangusha huyo, Lukelo, sitaweza kupita Iringa tena. Nilimwambia naogopa. Akasema, "Hata yeye alikuwa anaogopa. Alikuwa anaimba ili asisikie." Kumbe. Miaka yote ile na kwaya yako mbovu, na mimi nikidhani ni majivuno.

Nimekaa na hilo wiki nzima. Nimejaribu kuimba, sina sauti. Nimejaribu kulijibu lile swali kwa maneno uliyokuwa unanifundisha, kwamba mimi ni mchapakazi, napenda kufanya kazi na wenzangu, nina nidhamu. Ni maneno mazuri na yote yananigeuka mdomoni. Mama mdogo hapa ananiambia niombe tu, Mungu yupo. Najua yupo. Nilikuwa namtegemea hata siku ile ya lori.

Sasa hivi begi liko mlangoni. Viatu nimeving'arisha mpaka mama mdogo kasema inatosha, utavitoboa. Sina ujasiri, usije ukadhani nimeupata. Nina hofu ileile niliyokuwa nayo asubuhi. Lakini nimekata shauri moja, nalo nakuahidi, ili kama nitashindwa nishindwe mbele yako.

Basi likifika Ipogolo sitafumba macho. Na Jumatatu wakiniuliza kwa nini wanichague mimi, sitasema mimi ni bora, kwa kuwa ni uongo na wewe ungenizomea. Nitawaambia hivi: mliyemchagua amekufa, mnajua wenyewe. Nilijifunza naye, nilipeleka maombi naye, na nilikuwa wa pili wake. Aliyebaki ni mimi. Halafu nitanyamaza. Wakitaka kunitoa, wanitoe kwa ukweli huo. Wakitaka kuendelea, waniulize kuhusu injini.

Na vyovyote watakavyosema, mama yako hatasikia kwa simu. Nitashuka Iringa wakati wa kurudi, niende Kihesa kwa miguu yangu, nikae jikoni kwake, nimwambie mwenyewe nikimtazama usoni. Kama ni kukosa, atasikia kutoka kwangu. Kama ni kupata, atakuwa wa kwanza kujua, kabla ya mama yangu mzazi.

Lala, Mhehe. Nakuacha hapa, mama mdogo ananiita nikale, na mimi sina njaa.

Sabina