Mzinga Wenye Alama Yangu

Ipole, Jumamosi, likizo

Na asubuhi mkutanoni walinipigia makofi! Mwenyekiti alinisimamisha mbele ya kijiji kizima cha Ujamaa: mtoto wa kwanza wa hapa kufika Chuo Kikuu. Mdogo wangu Maganga alipiga makofi kuliko wote.

Alasiri nikaenda porini kuutazama mzinga wangu wa nyuki. Marehemu baba alinichongea mwenyewe, akaukatia alama yangu kwa shoka kabla sijaenda shule. Huku kwetu mzinga wenye alama ya mtu hauguswi, hata na mwenye njaa.

Alama yangu imechongwa ikaondoka. Mahali pake ipo ya Maganga.

Nilipomuuliza hakukana. "Kaka, wewe umeshakuwa mtu wa serikali. Msomi atapanda mti kurina asali?" Akacheka, kana kwamba tunataniana.

Angeniomba, ningempa. Hilo ndilo linaloniuma. Angesema neno moja tu, nami...

Nikamshtakia mama, nikitegemea atamkemea. Akaendelea kusonga ugali bila kuniangalia. "Mwanangu, tulijua hutarudi kukaa huku."

Tulijua. Kumbe walikaa wakaliamua, nami nikiwa hai.

Na juzi nilipofika, mama alinitengea bakuli la asali aliyoirina Maganga. Nilikula mpaka nikalamba vidole, kisha nikamshukuru Maganga kwa ukarimu wake. Akaniitikia, "Karibu, kaka. Jisikie uko kwenu."