Fomu Iliyojaa "Nzuri"

Kambi ya Pareto, Dundori
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa kaka yangu Mwakio,

Salamu hizi zipande treni, zivuke mbuga zote hizo mpaka Taita, zikukute wewe, wifi na watoto. Umeniuliza hali yangu. Mwili ni mzima, isipokuwa kikohozi cha baridi ya huku na midomo iliyopasuka. Moyo ndio umeharibika, na nitakueleza kwa nini. Mama naye, mguu wake? Tafadhali usiniandikie "mama hajambo." Niandikie kama anafika kisimani mwenyewe au anachotewa maji.

Unakumbuka nilivyoondoka kwa mbwembwe. Mwalimu wa kike anayejua Kiingereza, anatakiwa na watu wa chuo kikuu, huko Nakuru! Na kweli nilipofika nilijiona mtu. Walikuja Wazungu watatu, kila mmoja na elimu yake: daktari wa matumbo, mama mmoja anayesomea mila za watu, na bwana wa udongo na vyakula. Walisema zamani kila elimu ilikaa katika chumba chake, sasa zitakaa meza moja ili watu wa kambini wapate afya. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza wanawake, kwa sababu daktari akiwauliza yeye wanatazama chini.

Kambi yenyewe ni ya wachuma maua ya pareto, katika shamba la mzungu mmoja. Maji yao ni ya mfereji, na mfereji huo kabla haujafika kambini unapita kwenye josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa kwa dawa ya kupe. Ng'ombe wenyewe wanakunywa maji ya bomba. Usicheke, ndivyo ilivyo. Mwenye shamba alikubali mbele ya wale watatu kwamba ripoti ikionyesha watu ni wagonjwa, atavuta bomba mpaka kambini. Ikionyesha ni wazima, asisumbuliwe tena. Mimi ndiye niliyemtafsiria nyapara, na nyapara akawatangazia watu. Wanawake walipiga vigelegele.

Sasa sikia ujinga wangu. Tulipokaa kutunga maswali, daktari alitaka niingie nyumba ya mtu na kuuliza moja kwa moja: nani anaharisha, watoto wangapi wamekufa. Yule mama wa mila akakataa. Akasema kila watu wana namna yao ya kuulizana afya, na sisi tuulize kwa namna ya wenyewe. Wakanigeukia. Nami, binti wa mzee wa kanisa, nikajibu kwa fahari kwamba kwetu mtu haulizwi habari za kuhara kabla hajasalimiwa. Unaanza na hujambo, habari za nyumbani, habari za watoto. Wakafurahi mno! Wakapiga chapa hivyo hivyo, swali na kisanduku, swali na kisanduku, na kila kisanduku upana wake ni wa neno moja.

Kaka, wewe unajua watu wetu wanavyojibu. Hata mtu awe amebebwa kwenye machela, ukimwuliza hujambo atasema sijambo. Habari? Nzuri. Halafu anavuta pumzi, anasema "ila," na habari yenyewe ndiyo inaanza hapo. Haya tunayajua tangu tukiwa mgongoni, lakini mimi siku ile nilikuwa nawaza mwandiko wangu mzuri tu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Chebet, jirani yangu hapa kambini, aliyenipokea siku niliyofika na kunipa blanketi la pili.

"Habari za watoto, Mama Chebet?"

"Nzuri tu, mwalimu. Ila ile kadogo ya kunyonya tulizika juma iliyopita. Ni tumbo tu."

Tulilia wote wawili, pale pale jikoni kwake. Kisha nikafuta macho, nikaandika "nzuri" kwenye kisanduku, maana ndilo jibu lililotangulia na ndilo lililoenea. Yaliyobaki nilimweleza daktari kwa mdomo jioni ile. Akasema pole sana, lakini maneno ya mdomo hayaingii kwenye ripoti. Nijaze fomu tu, fomu zikionyesha haja atakuja kuwapima watu matumbo. Nikamwamini. Nikazijaza kambi nzima namna ile ile, na zile "ila" zote zikabaki kwenye masikio yangu.

Ripoti ilisomwa kwenye baraza ya mwenye shamba, wakinywa chai. Ikasema watu wa kambi hii, kwa maneno yao wenyewe, wana afya njema. Mwenye shamba akajipiga kofi gotini kwa kicheko. "Mimi ilisema!" Hakuna kupima matumbo, na hakuna bomba.

Nilimfuata daktari kabla hajaingia garini.

"Bwana daktari, yule mama alizika mtoto. Nilikwambia."

Akafungua mkoba, akatoa fomu ya Mama Chebet, akaweka kidole. "Hii si mkono yako? Sisi iliuliza, yeye ilijibu, wewe iliandika."

Ulikuwa mkono wangu. Nikaenda kwa mama wa mila, maana yeye ni mwanamke na ana watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa kweli alisikiliza. Kisha akaniambia jambo hili la "ila" ni la kupendeza sana, na kwamba ataliandikia kitabu. Bwana wa udongo alikuwa ameshalala kwenye kiti cha nyuma.

Nyapara naye hakuchelewa kutangaza: mwalimu ameandika nyinyi ni wazima. Asubuhi yake nilimkuta Mama Chebet mferejini akijaza debe.

"Hujambo, Mama Chebet?"

Alijitwika mgongoni, akakaza kamba kwenye paji la uso. Hakunitazama.

"Andika nzuri," akasema, akaenda zake.

Nilinunua daftari langu mwenyewe, nikazunguka tena nyumba kwa nyumba ili niandike zile "ila" zote, nizipeleke Nakuru kwa yeyote atakayezisoma. Kila mlango walinijibu kwa adabu. Habari za nyumbani? Nzuri. Habari za watoto? Nzuri. Nikingoja kalamu mkononi, wananyamaza. Daftari ni jeupe mpaka leo, na juzi wamezika tena, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Wale watatu sasa wanakwenda na fomu ile ile mashamba ya Kuresoi. Walinitaka. Nikasema nitakwenda tukibadilisha maswali, tuulize waziwazi kama daktari alivyotaka mwanzoni. Wakanijibu, kwa upole wao ule, kwamba haiwezekani: kila mahali lazima paulizwe sawasawa, la sivyo elimu zao hazitalingana. Nikakataa kazi. Nyumba nimeambiwa niihame mwisho wa mwezi, kwa hiyo nitarudi nyumbani. Mama usimweleze sababu, nitamwambia mwenyewe.

Nisalimie wifi, na mjomba mpiga kengele ya kanisa, na shangazi aliyenishonea koti. Mwambie koti limenifaa kuliko elimu yangu.

Kuresoi ameshapatikana msichana mwingine wa kwenda. Nilimwona jana akipakia vitu vyake. Ana adabu, kaka, na anasalimu watu vizuri sana.

Ni mimi mdogo wako,
Wakesho