Mama Furaha, Lori Tumelipata

Mama Furaha, mwenzangu,

Lori tumelipata. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda barua za kuzunguka. Ukisomewa barua kutoka kwenu Bukavu ulimkatiza msomaji katikati ya salamu: "Salamu tumekwisha sikia, sasa leta habari." Basi habari ndiyo hiyo. Ni lori la tani nne, jipya, lenye kichwa cheupe, na viti bado vimefunikwa nailoni. Drani, dereva wetu, amemkataza kila mtu kuitoa hiyo nailoni, hata mimi niliyelinunua.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua ungenicheka. Mimi ni mtoto wa polisi, nimekulia kambini, na Kiswahili changu ni cha kupangana mstari. "Unaongea kama unakamata mutu," ulikuwa ukiniambia. Ndiyo maana nimemwita binti yangu Akello, aliyesoma lugha hii shuleni, aninyooshee maneno. Lakini ndicho Kiswahili hicho kilichotukutanisha sokoni Kawempe, wewe Mkongomani usiyejua Kiganda, mimi Mwacholi nisiyetaka kukiongea, tukivutana gunia moja la viazi. Tuligombana siku ile, na kila wiki baada yake, miaka kumi na mmoja. Sijapata mtu mwingine wa kugombana naye hivyo.

Furaha wako ni mzima. Tangu ulipotuacha, miezi minane sasa, yeye ndiye anayekaa mahali pako kibandani, na wateja wanampenda kwa sababu hawafokei kama mimi. Kwenye kwaya kiti chako hakijakaliwa na mtu. Wanaweka mikoba yao hapo. Niliwaambia hata mikoba waiondoe, wakanitazama, nikatoka nje.

Ndiyo, nilitoka. Unanijua.

Unakumbuka tulivyokuwa tunanunua vitu? Kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nilisikia bei, nikakasirika, nikachukua mkoba wangu nikatoka. Sikuwa naigiza hata kidogo, nilikasirika kwelikweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa faida yetu. Wewe ulibaki umekaa. Ulivua viatu, ukaomba maji ya kunywa, ukamwuliza muuzaji kama mama yake yuko hai. Mkimaliza habari za mama, ulihema na kusema, "Yule mwenzangu ni mukali sana, akitoka harudi. Lakini mimi naweza kumwita, kama mutatusaidia kidogo." Na mimi huko nje nilitafuta kivuli nikasimama mpaka nisikie sauti yako ikiita: "Mama Akello, rudia!" Hivyo ndivyo tulivyonunua viazi kwa wakulima wa Kabale, ndivyo tulivyopanga ghala, ndivyo ulivyopata kitenge cha kipaimara cha Furaha kwa bei ambayo Mhindi wa watu bado anaisikitikia.

Na lori ulilitaka jipya. Malori ya kukodi yalitufia njiani tukakaa na viazi vinavyochipua, na wewe ukaapa, "Ukinunua lori ya zamani unanunua magonjwa ya batu." Nilidhani ni maringo. Lakini mtu akishakufa maneno yake yanakuwa wosia, basi nikaenda na Drani kwenye duka la malori mapya huko viwandani, karibu na Bugolobi. Jina lake silitaji, wasije wakanifuata hata kwenye barua.

Mle ndani kuna vioo kila upande na baridi ya Kabale asubuhi. Akatupokea bwana mmoja mwenye tai nyekundu na viatu vya ncha, jina lake Deriki. Alipita mbele yangu kama ninavyopita mbele ya nguzo ya umeme, akamshika mkono Drani. "Karibu sana, bosi." Drani alipewa kiti, akapewa soda, akapewa kitabu cha picha. Mimi nikaonyeshwa kochi la pembeni kando ya maua ya plastiki. Maskini Drani akasema, "Mimi niko dereva tu. Mwenye kununua iko huyu mama." Deriki akacheka kama amesikia mzaha mzuri, kisha akaniuliza kwa upole, "Na mzee yuko wapi, nyabo, mama? Tungeongea na mzee."

Mzee wangu! Mzee wangu alikwenda Juba mwaka ambao Akello aliota meno. Deriki akimpata, anisalimie.

Basi nikampa Kiswahili cha kambini, kile cha baba yangu, kwa sauti ya gwaride. Si unajua hapa Kampala ukipaza Kiswahili watu wanadhani una bunduki kwenye mkoba? Deriki akaunganisha visigino. Tangu dakika ile mpaka leo ananiita Afande.

Lakini heshima si msaada. Kila nilichouliza kilijibiwa, "Hiyo nitauliza meneja, Afande." Meneja alikaa ghorofani na hakushuka hata siku moja. Nililetewa kahawa. Niliambiwa nitapigiwa simu, sikupigiwa, na nilipopiga mimi niliambiwa, "Nilikuwa hapa hapa nataka kukupigia." Halafu kulikuwa na mteja mwingine anayelitaka lori lile lile na anakuja leo saa nane. Mteja huyo alikuja saa nane kila nilipokwenda, mwezi mzima, na sikumwona. Nafikiri kama yupo, naye amechoka kama mimi.

Nilivumilia, Mama Furaha. Nilijiambia hasira hasara, kama ulivyoniimbia. Nilivumilia mpaka siku ya kwenda kulitazama lori lenyewe uani, baada ya bei kukubaliwa na mikono kupeanwa. Nilivaa gomesi yangu ya kijani, gauni la sherehe. Deriki akanyoosha mkono kama anafungua pazia, nami nikaona kichwa cheupe kizuri, magurudumu meusi yanayong'aa, na nyuma ya kichwa vyuma viwili virefu. Basi. Katikati ya vyuma niliona majani ya ardhini.

Nikauliza bodi iko wapi, lile sanduku la kupakia mizigo. "Bodi ni pembeni, Afande. Sisi tunauza kichwa na chasisi. Bodi unatengenezesha mwenyewe kwa fundi." Kwenye kitabu chao lori lina bodi, tena imejaa mananasi. "Ile ni picha tu."

Ungeniona! Nilimwuliza kama viazi vyangu vitapanda mgongoni kama mtoto. Nilimwuliza kama mama yake alipokwenda kununua kuku aliuziwa kichwa na mifupa. Drani hakusikia lolote, alikuwa amelala chini ya lori akilichungulia kwa mapenzi. Nikachukua mkoba wangu, nikapita katikati ya vioo vyao, nikatoka hadi nje ya geti. Hapo nikatafuta kivuli cha ukuta, nikasimama.

Nikasimama. Jua likasogea, nami nikasogea na kivuli. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilijua kazi yangu nimeifanya vizuri na kilichobaki si changu. Mlinzi wa geti, mzee wa watu kutoka kwetu kaskazini, akanitazama muda, kisha akanijia taratibu. "Mama, unangoja nani?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Nangoja mwenzangu aniite."

"Iko ndani?"

Mama Furaha, nikageuka kulitazama geti. Nilikuwa nimekuzika kwa mikono yangu, nimetupa udongo, nimepika chai ya matanga, na bado nilisimama kwenye jua la Bugolobi nikitega sikio. Mzee yule hakuuliza tena. Alileta kibao chake cha kukalia, akanisukumia, akageukia barabara ili nilie bila kutazamwa.

Hapo ndipo nililia lile ambalo sikulia msibani. Nalo lina jina, na sijamwambia mtu, hata Akello sasa hivi ananiandikia huku anafuta macho. Ile asubuhi ya mwisho hospitalini Mulago, muuguzi aliponiambia nikae karibu nawe, mimi nilichukua mkoba nikatoka. Nilishuka ngazi mpaka kwa muuza chapati nikasimama hapo. Nilikukasirikia, sijui kwa nini, kwa kukubali upesi hivyo. Nilifikiri nikitoka utahangaika, utainuka, utaniita. Wewe ambaye siku zote uliniita. Aliyekuja kuniita alikuwa Furaha, hana viatu, na nilipoona miguu yake tu nikajua. Nisamehe, mwenzangu. Wewe ulikaa, mimi nilitoka.

Baada ya kulia nikamrudishia mzee kibao chake. Ningeweza kupanda boda nikaenda nyumbani, na nusura nifanye hivyo. Katika maisha yangu sijawahi kurudi mahali bila kuitwa, wewe ni shahidi. Lakini niliwaza: kama sirudi, lori limekufa, na biashara yetu nayo, na Furaha atakodi magonjwa ya watu mpaka azeeke. Nikageuka. Miguu ilikuwa mizito kama ya mtu anayekwenda kuomba msamaha kwa asiyempenda.

Deriki aliponiona aliruka nyuma ya meza. Nilikaa kwenye kile kiti alichopewa Drani siku ya kwanza. Nikavua viatu, sakafu yao ikaniuma kwa baridi. Nikaomba maji ya kunywa. Alipoyaleta nikayanywa yote, halafu nikamwuliza, "Deriki, mama yako yuko?"

Mtu akabadilika. Akalegeza tai. Mama yake yuko Masaka, ana migomba na mgongo unaomsumbua, na mpaka leo anadhani mwanawe ni dereva, maana alimwambia anafanya kazi ya malori. Hajawahi kufika kuona vioo vile. Tuliongea habari za huyo mama mpaka chai aliyoniletea ikapoa, nami nikagundua kitu ambacho hukuniambia miaka yote: haikuwa mbinu. Ulikuwa unataka kweli kujua. Nami nilitaka kujua kama anapakwa dawa ya mgongo na nani.

Ndipo nikahema, kama wewe, nikasema, "Sasa Deriki, yule mama aliyetoka hapa ni mkali sana. Akitoka harudi. Lakini mimi naweza kumwita, kama mtatusaidia kidogo."

Deriki akautazama mlango. Akanitazama mimi. "Lakini Afande, aliyetoka si ni wewe?"

Nikamwambia, "Ni yule. Mimi niko hapa, nimekaa."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akapanda ghorofani, kwa mara ya kwanza nikasikia viatu vyake vya ncha vikipanda kweli, akarudi na meneja. Na meneja, Mama Furaha, ni mwanamke! Mtu mzima kama sisi, miwani inaning'inia kwenye kamba, mdomoni bado anatafuna. Akauliza kwa nini hakuambiwa kwamba kuna mama anakuja kila wiki. Deriki akatazama viatu vyake. Tukaongea sisi wawili, na bodi ikawekwa ndani ya bei, ya mbao ngumu na vyuma pembeni, itengenezwe na fundi wao. Niliongeza kidogo. Wewe usingeongeza hata hicho, najua, usinitazame hivyo.

Wiki nne baadaye lori likaja na bodi yake. Fomu yao ilikuwa na nafasi ya jina moja, nikawaambia watafute kalamu nyembamba. Kwenye kadi ya lori kuna jina langu na jina la Furaha. Furaha alitaka tuandike jina lako kubwa nyuma ya bodi, nikakataa. Malori hutukanwa barabarani kutwa, hasa pale Kalerwe, na anayetaka kukutukana wewe apitie kwangu kwanza. Mananasi hatukuchora pia. Mlinzi wa geti nilimpelekea nusu gunia la viazi, akanishukuru kwa Kiacholi, na kuhusu mwenzangu hakuuliza.

Jumatatu tunakwenda Kabale kwa mara ya kwanza. Furaha atakaa katikati, mimi dirishani. Wakulima watakuulizia. Nitawaambia mwenyewe, sitamwachia mtoto.

Sasa nisikilize, halafu nikuache upumzike. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa natoka na wewe unakaa. Safari hii umetoka wewe. Nimekuita, mwenzangu. Nimekuita kaburini, nimekuita jikoni, nimejaribu hata kuita kwa ile sauti yako ya kuvuta, "Mama Furaha, rudia!" Sijui kuita kama wewe. Basi nenda, vua viatu, na umwulize kila utakayemkuta huko habari za mama yake. Hapa kuna Furaha, na atanikasirisha, maana ni mwanao. Ataumwa, ataolewa na mtu nisiyempenda, atazaa usiku wa mvua. Nakuahidi mkoba wangu utabaki chini ya kiti.

Wako, ambaye sasa amekaa,
Mama Akello