Mwalimu Wangu Anakosea Kata, na Lawama Nimebeba Mimi

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee tu hivyo hivyo, maana nimekuja na shida na sina wa kumwambia, kila ninayemfahamu anamfahamu na mwalimu wangu.

Mimi ni mwanamke, nafundisha karate watoto wadogo katika ukumbi ulio juu ya karakana ya samani, kiasi kwamba nguo zangu za mazoezi zinanuka vanishi kuliko jasho, na ukumbi wenyewe ni wa mwalimu aliyenifundisha tangu nikiwa msichana mdogo, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu kukuandikia. Usidhani nilikwenda kwa kupenda. Baba mdogo, aliyenilea, alichoka kuniona natoka shuleni nalia kila siku, akanipeleka kwa mwalimu kama mtu anayepeleka redio mbovu kwa fundi, na mimi kila nikifika nilikuwa naingia chooni, nafungua bomba lisikike, najifungia humo mpaka mazoezi yaishe. Mwalimu hakuwahi kuugonga ule mlango. Alichofanya ni kulihamisha darasa zima likafanyia mazoezi hapo nje ya choo, yeye akihesabu kwa sauti, mpaka siku moja nikajikuta nimesimama kwenye vigae narusha ngumi kufuata hesabu yake, nikaona huu sasa ni ujinga, bora nitoke. Nilipotoka alisema tu, "Simama pale mwisho, nafasi yako ipo," na hakuna aliyecheka, kumbe alishawakataza.

Hata kufundisha sikuomba. Alikuja mtoto mmoja akang'ang'ania fremu ya mlango, analia, hataki kuingia, mwalimu akaniangalia akasema, "Huyu ni wako, dawa yake unaijua wewe," nikaenda nikakaa naye sakafuni mlangoni, na tangu hapo watoto wakawa wangu. Mwaka jana akatangaza mbele ya wote kwamba akistaafu ukumbi ataniachia mimi, watu wakapiga makofi, mimi nikajikausha nikatabasamu.

Sasa shida yenyewe ni hii. Kata, kwa asiyejua, ni mfululizo wa kinga, ngumi na mateke unaochezwa bila mpinzani, na kila hatua ina upande wake, huwezi kujiamulia. Kuna moja anayoipenda mwalimu kuliko zote, na miezi michache iliyopita akiwa mbele yetu alifika katikati, pale pa kugeukia kushoto, akageukia kulia. Kwetu mwalimu anasimama mbele ametupa mgongo na sisi tunafuata, hakuna kunyoosha kidole wala kuuliza, na mimi nilidhani anatupima tu maana ana utani huo, nikamfuata, wote tukamfuata. Wiki iliyofuata tena kulia, na tena, na sasa darasa lote la wakubwa linageukia kulia kana kwamba kata ilizaliwa hivyo. Nilimvuta pembeni mwenzangu mmoja mwenye mkanda mweusi, fundi wa kuchomelea vyuma, nikamuuliza kama naye ameona, akanijibu, "Dada, mwalimu akienda kulia, na mimi kulia. Akiingia ukutani tunaingia wote." Akacheka, lakini hakuniangalia usoni.

Mengine nayo yapo. Mwalimu ananiita jina la mwanafunzi aliyehama zamani. Anatafuta funguo huku amezishika. Mkewe, ambaye mimi namwita mama, alinisindikiza siku moja mpaka getini akaanza kusema, "Mwanangu, hivi na huko ukumbini naye hu..." mara mwalimu akatokea, mama akageuza maneno akaanza kuniuliza habari za mvua.

Mimi watoto wangu niliwafundisha kushoto, kama nilivyofundishwa. Jumamosi iliyopita tukafanya mazoezi ya pamoja, wakubwa na wadogo, tukaanza ile kata, tulipofika katikati nusu ya ukumbi ikaenda huku na nusu ikaenda kule, watu wakagongana vichwa, mtoto mmoja akashika pua. Mwalimu akageuka, akauliza taratibu tu, "Hawa nani kawafundisha hivi?" Na mimi, mshauri, mbele ya wote, nikasema, "Ni mimi, mwalimu. Nimewafundisha vibaya." Kuna kasichana kamoja kakasema, "Lakini si ulituambia ni kushoto..." Nikakakata jicho, kakanyamaza. Mwalimu akacheka, akasema, "Mwalimu wenu bado mbichi, mtamsamehe," watu wakacheka naye, na akaniagiza niwafundishe watoto upya, kulia, kabla watahini wa chama cha karate hawajaja mwisho wa mwezi kuwapandisha watu mikanda, wakubwa na wadogo. Tena akasema lile suala la kuniachia ukumbi tuliweke kando kwanza, na sikufichi, pale nilishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Nikiwafundisha kulia, watoto wataanguka mtihani kwa kosa lisilo lao. Nikiwafundisha kushoto, namuumbua mtu aliyenisubiri nje ya choo bila kunitukana hata siku moja. Nampenda yule mzee kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Naomba unisaidie, nifanyeje?

Mimi, Mwalimu Mbichi


MAJIBU

Mwalimu Mbichi, marahaba. Nimekuzidi, tena kwa mbali, kwa hiyo kaa vizuri unisikilize.

Kwanza pole, na ni pole ya kweli. Mtu akianza kupotea huku bado anakuja kazini na nguo zake zimepigwa pasi, wanaompenda huugua kabla yake. Mimi si daktari na sitajifanya daktari gazetini. Inaweza kuwa dawa anazokunywa, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa usingizi, na inaweza kuwa lile unaloliogopa kulitaja. Baadhi ya hayo yanatibika yakiwahiwa, na ndiyo maana kunyamaza kwako kumeniudhi. Wewe kunyamaza huko unakuita heshima. Heshima gani hiyo, mzee wa watu anakosea mbele ya ukumbi kila wiki, nyuma yake kumejaa mikanda myeusi inayojua, na wote mnajifanya mnaangalia ukuta? Yule fundi wako wa vyuma anachekesha, nimecheka na mimi, halafu nikakasirika.

Halafu hili la Jumamosi. Kale kasichana kalikuwa kanaijua kweli, kakaisema, na ukakanyamazisha kwa jicho. Hapo umekafundisha kitu kitakachokaa kuliko kata. Kaombe radhi, tena mbele ya wenzake wale wale, kwa maneno mafupi: "Ulikuwa sahihi, nami nilikosea kukunyamazisha." Mzee usimtaje.

Sasa niruhusu nikuguse panapouma. Umeandika kwamba suala la ukumbi lilipowekwa kando ulishusha pumzi. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili. Mwalimu wako akiwa mzima, wewe unabaki mwanafunzi wake, na mgongo wake uko mbele yako. Akiwa mgonjwa, mbele yako hakuna mtu. Hicho ndicho unachokikimbia, mwanangu, na wala sikulaumu kwa kuogopa, ila woga ni wako, usimvike yule mzee ukauita adabu. Wewe kufundisha hukuomba, sawa, nimekuelewa. Lakini watoto wanakuita mwalimu, na mwalimu hana ruhusa ya kusema uongo darasani ili mtu mzima asione aibu.

Basi fanya hivi. Watoto wafundishe kushoto kuanzia leo, usisubiri ruhusa ya mtu. Kesho asubuhi nenda kwa mama, yule mkewe, mtafute peke yake, umwambie amalizie alichotaka kusema siku ile, maana nina hakika anayo mengi na yamemjaa kifuani. Kisha mkae watatu, nyumbani kwao, mchana, mzee akiwa ameshakula na kupumzika. Si ukumbini, na fundi wa vyuma abaki kwake, hamwendi kupiga kura.

Na usimpige chenga. Najua umeshafikiria kumwambia, "Mwalimu, naomba unikumbushe ile kata," ukitegemea agundue mwenyewe. Mtu aliyefundisha umri wote huo mitego anaijua, ataiona, na atadhalilika mara mbili. Mwangalie usoni umwambie, "Mwalimu, ulitufundisha kushoto. Siku hizi unageukia kulia, na mimi nilikuacha bila kukwambia." Ugonjwa usiutaje, hiyo si kazi yako. Sema ulichokiona kwa macho yako, basi.

Ukumbini asikatazwe kuja. Yapo ambayo mwili wake unayajua kuliko kichwa chake, hayo ayafundishe, na lile darasa la wakubwa ulishike wewe, uwarudishe kushoto. Watanuna kidogo, wazoee. Watahini nao waombwe mapema wakubwa wasitahiniwe mwezi huu.

Atakuuliza umejua tangu lini. Mjibu kweli, usipunguze hata wiki moja. Atakasirika, na huenda akakwambia utoke nyumbani kwake. Usitoke. Kaa hapo hapo mpaka hasira iishe, kwa sababu itaisha, na ikiisha utamkuta mtu anayeogopa sana, ambaye kwa miezi yote hii amekuwa akiogopa peke yake. Huyo ndiye mumpeleke hospitali, wewe na mama, siku hiyo hiyo kama atakubali. Na jioni urudi ukumbini ukafundishe.