Herufi K

Alhamisi, Karatu

Bado nanuka mayai viza. Nimenawa kwa sabuni, kwa limau, hata kwa majivu.

Huyu Paskali ninayefanya naye kazi maabara aliandika "K" kwenye tyubu mbili. Moja ni dawa ya kuunganisha: inazifunga pamoja protini za ng'ombe na za kimelea cha ndigana, ule ugonjwa wa kupe, zisiachane tunapoosha sampuli. Nyingine ni ya kukata. Hiyo inakuja mwisho, kufungua vile vifungo tuone nani alimshika nani. Hiyo ndiyo inayonuka.

Sasa mtu mzima unaandikaje K tu, kwa Kiswahili? Kuunganisha, kukata, kuharibu, kukera!

Asubuhi nafungua mlango, harufu hiyo, na wakati wake haujafika. Nikajua. Alikuwa ameanza na ya kukata, akaosha, akamwaga kila kitu kwenye sinki. Nikatia mkono humo kama mwehu, eti niokoe nini sijui.

"Pole dada, nina mafua, sikusikia harufu," anasema, huku anatafuna andazi. Mle mle ndani!

Ile damu aliyoimwaga ilikuwa ya mtamba wa mzee Lemali, kule Sale. Mtamba mwenyewe ameshakufa.

Jioni mzee akapiga simu. Nikamwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Mtamba wangu amesemaje?"

"Bado tunaangalia, baba."

"Angalieni polepole. Yeye hana haraka tena."

Nimenawa tena. Bado nanuka.